Kiganja cha Mvuvi na Amri Inayotoka Chini

Ukisalimiana na mvuvi wa Tchomia, huku Ituri, unagusa sugu za miaka ya kuvuta nyavu katika Ziwa Albert. Lakini kazi haielezi kila kitu. Mtoto mchanga ambaye hajakanyaga ardhi tayari ana nyayo zenye ngozi nene, na kwa sisi watu weusi, viganja vyake ni vyeupe kuliko mgongo wa mkono. Jeni za seli za kiganja ni zilezile za seli za paja. Basi nani huamua zipi ziwashwe?

Seli ya tabaka la juu la ngozi huzaliwa chini kabisa mwa tabaka hilo, kisha hupanda huku ikikomaa mpaka ifie juu na kubanduka. Mwaka 1980, wanasayansi Elaine Fuchs na Howard Green walionyesha kwamba katika safari hiyo seli hubadilisha aina ya keratini, ile protini inayoipa ngozi uimara. Chini hutengeneza keratini 5 na 14. Ikipanda huzima jeni hizo na kuwasha za keratini 1 na 10. Kwenye viganja na nyayo huongezeka keratini 9, ambayo kwingine mwilini ni nadra.

Jaribio ninalolipenda ni la Yuji Yamaguchi na wenzake, Japani, 1999. Walichukua seli za juu kutoka ngozi isiyo ya kiganja wala unyayo, wakazilea pamoja na faibroblasti za viganja na nyayo, yaani seli zinazokaa kwenye tabaka la chini la ngozi. Seli zile ngeni zikaanza kutengeneza keratini 9. Ni jaribio rahisi, lakini lilijibu swali ambalo kusoma jeni peke yake kusingejibu: amri ilitoka kwa jirani wa chini.

Mwaka 2004, Yamaguchi, wakati huo akiwa Marekani, alimtaja mjumbe mmoja: protini ya DKK1, ambayo faibroblasti za viganja na nyayo huitoa kwa wingi. Huzuia ishara iitwayo Wnt, na seli za rangi zikikosa ishara hiyo hazistawi. Ndiyo maana viganja vina seli za rangi chache, takriban mara 5 pungufu kuliko kwingine. Baadaye ilionekana kwamba DKK1 hiyohiyo hunenepesha ngozi iliyotengenezwa maabara. Mjumbe mmoja, kazi mbili. Anayedhani kila sifa ya mwili ina jeni yake pekee afikiri upya.

Kwa Ituri, yenye watu waliopoteza viungo vitani, habari kubwa ni ya 2024. Timu ya Luis Garza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliwadunga watu wa kujitolea faibroblasti zao wenyewe za aina ya viganja na nyayo, mahali ambapo ngozi ni ya kawaida. Keratini 9 iliongezeka, ngozi ikawa nene na ngumu zaidi, na mabadiliko yalionekana hata miezi 5 baadaye. Lengo lao ni kigutu cha mguu uliokatwa: ngozi ya paja au ya muundi haikuumbwa kubeba uzito wa mwili, hivyo hufanya vidonda ndani ya mguu bandia.

Ila waliodungwa walikuwa watu wazima wa afya, si waliokatwa miguu. Mpaka mbinu hii ipimwe kwenye kigutu kinachotembea kutwa nzima katika joto na jasho, mimi naihesabu kuwa ugunduzi mzuri, bado si tiba.