Sheria ya Kimataifa Inamng'ata Nani?

Mkulima wa Dutwa anapofikisha pamba yake mizanini hukuta bei iliyotokana na soko la dunia asilolitawala. Wako wanaodai kwamba katika utandawazi mnyonge huyu analindwa na sheria ya kimataifa: kanuni ni moja kwa wote, anayedhulumiwa na ashtaki. Hoja hiyo tuipime kwa matukio, si kwa maneno matamu.

Mwaka 2002 Brazil iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwa kuwapa wakulima wake wa pamba ruzuku zilizodidimiza bei ya dunia. Benin na Chad zilishiriki kama nchi zenye maslahi. Mwaka 2005 Brazil ikashinda rufaa, lakini Marekani haikutii kikamilifu. Hapo ndipo kasoro ilipojitokeza: shirika hilo halina chombo cha kukazia hukumu. Hutoa tu ruhusa ya kulipiza kisasi kibiashara. Brazil, yenye soko kubwa, ilipewa ruhusa hiyo mwaka 2009, ikatishia kuitumia. Mwaka 2010 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 147.3 kwa mwaka, na mwaka 2014 ikatoa milioni 300 kulimaliza shauri. Je, Benin ingelipiza kwa lipi? Nchi maskini ikizuia bidhaa za tajiri hujiumiza yenyewe. Sehemu ya fedha hizo iliruhusiwa kusaidia pamba ya Afrika. Lakini huo ni msaada, si haki.

Basi sheria hii haina meno? Inayo. Chini ya ardhi ya Dutwa kuna nikeli, na nikeli inatufundisha upande wa pili. Mwaka 2018 Tanzania ilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini. Wawekezaji wa nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, waliishtaki Serikali katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Mwaka 2023 wakapewa dola milioni 109 pamoja na riba. Mwaka 2024 pande mbili zikapatana kwa milioni 90. Tuzo ya namna hiyo hukaziwa katika mahakama za nchi zote wanachama wa mkataba husika. Mwenye mtaji haambiwi akalipize kisasi.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini tusijidanganye: mkataba wa mwaka 1994 na Uingereza, uliotumika katika shauri hilo, tuliusaini wenyewe.

Kwa hiyo kada asiibeze sheria ya kimataifa, wala asiiabudu. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962 kuhusu mamlaka ya mataifa juu ya maliasili zao ni silaha yetu, na sheria yetu ya mwaka 2017 imesimama juu ya msingi huo. Ila azimio halisokoti nyuzi. Tuisome mikataba kabla ya kusaini, tushikamane na wakulima wenzetu wa Afrika, na pamba yetu tuifume hapa nchini. Haki isiyo na nguvu ya uchumi nyuma yake hubaki karatasi.