Sarafu, damu na sadaka: juu ya mchezo «The Binding of Isaac»

Wasomaji wetu wengi wanafanya kazi pamoja na vijana: katika seminari ndogo, katika masekondari, katika vikundi vya parokia. Wanawaona vijana hao wakikaa saa nzima mbele ya ordinatere ao simu, nao wanajiuliza: michezo hii ni kitu gani? Mara nyingi sisi mapadri tunajibu kabla ya kutazama. Tunasema «ni upuuzi», ao tunasema «ni ya Shetani», kisha tunarudi kwenye breviari yetu. Jibu la namna hii halimsaidii mtu. Basi tumechagua mchezo mmoja tu, na ndani yake chumba kimoja tu, chumba cha kamari, tukitazame vizuri kwanza, hukumu itafuata.

Mchezo unaitwa The Binding of Isaac, maana yake «Kufungwa kwa Isaka». Waliutunga Edmund McMillen, Mmarekani, pamoja na Florian Himsl, nao ukatoka mwaka 2011. Mwaka 2014 ulitengenezwa upya kwa jina la Rebirth, kisha zikafuata nyongeza. Ile ya mwaka 2021 inaitwa Repentance, ndiyo kusema «Toba». McMillen ameeleza mbele ya watu kwamba alikulia katika jamaa ambamo wengine walikuwa Wakatoliki na wengine Wakristu wa madini ya «kuzaliwa upya», na kwamba mchezo umetoka humo. Mwaka 2012 kampuni Nintendo ilikataa kuupokea katika mashini yake ya 3DS juu ya mambo ya dini yaliyomo. Mwaka 2015 ikaupokea ule wa Rebirth. Kwa hiyo hatuingii katika shamba la wengine tukiupima kwa macho ya padri. Mtungaji mwenyewe ndiye aliyetuita.

Hadisi yake ni fupi. Mama mmoja anaishi peke yake na mtoto wake Isaac. Anasikia sauti kutoka juu. Sauti inamwamuru amnyang'anye mtoto vitu vyake vya kuchezea, kisha amfungie chumbani, na mwisho amtoe sadaka. Mtoto anaona mlango chini ya zulia, anajitupa katika shimo la chini ya nyumba, na humo anapigana na wadudu na vivuli vya kutisha. Silaha yake ni machozi. Ni sura ya 22 ya Mwanzo, lakini mlima umegeuka kuwa shimo, na Abrahamu hayupo.

Michezo ya namna hii ina jina la jamaa: roguelike, kutokana na mchezo Rogue uliotungwa mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi katika Santa Cruz, California. Sheria zao kubwa ni mbili. Ya kwanza: kila safari vyumba na vitu hupangwa upya kwa bahati. Ya pili: anayekufa amekufa, anaanza tena toka mwanzo, mikono mitupu. Tukumbuke sheria hii ya pili, maana yote tutakayosema juu ya kamari yanasimama juu yake.

Sasa tuingie katika chumba chenyewe. Hakionekani katika kila orofa ya shimo. Humtokea yule anayeshuka akiwa na sarafu tano ao zaidi. Na mlango wake unadai sarafu moja. Maskini hana haja ya kukitafuta. Ndani kuna vitu vya namna nne. Kwanza, mashini ya magurudumu matatu: unatia sarafu moja, magurudumu yanazunguka, na mara nyingi hupati kitu, mara nyingine unapata bomu, ufunguo, kidonge, sarafu, ao moyo, tena mara nyingine anatoka nzi. Pili, mashini ya ramli: nayo inakula sarafu, na mara nyingi inakujibu kwa neno tu, tena neno lisilo na maana kubwa. Tatu, mtu mwenye mafuvu matatu: anaonyesha zawadi, anaificha, anazungusha mafuvu, nawe unachagua moja, ukikosa, anatoka nzi wa kukushambulia. Nne, mashini ya kutoa damu. Hii haiombi sarafu. Uhai wa Isaac unahesabiwa kwa mioyo, na mashini hii inachukua sehemu ya moyo wake, kwa kawaida nusu, na kumlipa sarafu chache.

Mtu anayetazama upesi ataona vitu vinne vilivyowekwa kando kando. Mtu anayekaa kitako ataona kwamba vimefungamana. Damu inazaa sarafu. Sarafu inaingia katika magurudumu. Magurudumu, yakipenda, yanatoa moyo. Na moyo unarudi kuuzwa katika mashini ya damu. Ni kinu kinachojisaga chenyewe. Mchezaji hodari anajua kusimama kwa wakati, naye anatoka na faida. Asiyejua anazunguka mpaka mwisho.

Wakati wa likizo tulimtazama kijana mmoja wa jamaa yetu akicheza. Alikuwa na sarafu kumi na moja na mioyo mitatu. Sarafu zilikwisha upesi. Akageukia mashini ya damu, akapata sarafu mbili, akazitia katika magurudumu, bule. Akauza tena. Tulimwambia: «Mwanangu, sasa toka.» Akajibu: «Moja tu, Padri.» Akabaki na nusu moja ya moyo, akaigusa mashini ya damu mara ya mwisho, na Isaac akafa palepale, bila adui yeyote chumbani. Kijana akacheka, akaanza safari mpya. Kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuandike, maana hatukujua kama ni cha kutuogopesha ao cha kututuliza.

Tuseme kwanza yale tunayoyasifu.

Katika mji, mtu anayecheza kamari anaweka falanga mezani, na falanga hizo hazisemi zimetoka wapi. Huenda ni karo ya mtoto, huenda ni dawa ya mke wake. Lakini mezani ni karatasi tu. Hapa mtungaji ameondoa pazia. Kinachowekwa ni damu, tena mbele ya macho, nusu ya moyo kwa nusu ya moyo. Hatujasikia mahubiri mengi juu ya kamari yaliyosema jambo hili kwa wazi namna hii.

Tena, mashini ya damu ikitumiwa sana, mwisho hupasuka na kuacha kitu. Kitu hicho huweza kuwa mfuko wa damu unaomwongezea Isaac uhai. Hiyo ni neema. Lakini huweza pia kuwa mfuko ule wa hospitali wenye mpira na sindano, na kazi yake ni hii: kumwezesha kuuza damu yake po pote, bila mashini. Hapo mtungaji amesema kweli. Zawadi ambayo kamari inampa mtumwa wake ni chombo cha kuendelea.

Jambo la tatu. Baada ya kumshinda mkubwa wa orofa, huenda ukafunguka mlango wa Shetani. Yeye anauza vitu vya nguvu kwa bei ya mioyo mizima, moja ao miwili. Lakini kitu kiko wazi na bei imeandikwa. Shetani wa mchezo huu hachezi kamari. Anafanya biashara, na biashara yake mara nyingi inamfaa mchezaji. Kwa mtu wa teolojia hilo ni kosa, maana tunajua kwamba yule ni mwongo toka mwanzo. Lakini kosa lenyewe linatufundisha: mtungaji ameona kwamba pahali pa udanganyifu si lazima pawe na pembe. Penye taa za rangi na muziki wa furaha ndipo mtoto anapokufa akicheka.

Sasa tuseme yale tusiyoyakubali.

Katika vyumba vingine wamekaa waombaji. Unampa mwombaji sarafu. Mara nyingi hakuna kitu. Mara nyingine anakutolea ufunguo, bomu ao moyo. Na ukiendelea kumpa, mwisho anakupa kitu kizuri na kwenda zake. Kuna na mwombaji mwenye pembe, naye anaomba damu. Tazama sasa: mchezaji anamtendea mwombaji sawasawa na mashini ya magurudumu. Anatia sarafu, anangoja. Anatia tena, anangoja. Hata mkono unafanya tendo lilelile. Maskini amekuwa mashini ya bahati. Hapa tunaona ubaya mkubwa kuliko ule wa kamari, maana kamari inaharibu mali, lakini desturi hii inaharibu sadaka yenyewe. Na tusiwalaumu vijana peke yao. Mkristu anayetia noti katika kikapu cha misa akihesabu kwamba Mungu atamrudishia mara kumi, amejifunza wapi? Si katika ordinatere.

Lakini mchezo wenyewe una jibu, na jibu hili hatukulitazamia. Tangu Rebirth, katika maduka ya shimo kuna mashini nyingine, ya kupokea matoleo. Unatia sarafu, nayo inaihesabu: hakuna magurudumu, hakuna mafuvu. Na hesabu yake haifutwi na kifo. Isaac anakufa, sarafu zake zote zinapotea, silaha zake zote zinapotea; lakini zile alizotoa zinabaki, safari baada ya safari, mpaka 999. Kadiri zinavyoongezeka, maduka yanapata vitu vingi zaidi kwa ajili ya yule Isaac atakayeshuka kesho. Katika shimo ambamo kila kitu kinakufa, sarafu iliyotolewa ndiyo sarafu iliyookoka.

Tusizidishe sifa. Anayetoa anajua kwamba kesho atafaidi yeye mwenyewe. Hiyo ni akiba zaidi kuliko sadaka. Tena mchezaji mwenye haraka anaweza kuipasua mashini kwa bomu, akachukua tena baazi ya sarafu. Hata hivyo, tofauti na chumba cha kamari ni kubwa. Pale mtu anatoa ili apate sasa hivi. Hapa anatoa zaidi kwa ajili ya yule atakayeshuka kesho.

Ndipo tunapofika kwenye hukumu. Mtakatifu Toma anafundisha kwamba roho inachoka kama mwili, na kwamba mchezo wa kiasi ni pumziko lake. Kuna na fazila inayousimamia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2413, inasema kwamba michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa asili yake, lakini haikubaliki inapomnyima mtu yale anayohitaji kwa maisha yake na ya wengine, na kwamba tamaa yake huweza kuwa utumwa. Basi tutofautishe.

Kama swali ni: je, kijana anapoteza mali katika chumba hiki? Hapana. Mchezo unanunuliwa kwa bei yake, na nyongeza kwa bei zao. Sarafu za ndani hazinunuliwi kwa feza za nje. Iko michezo mingine inayouza masanduku ya bahati kwa feza za kweli, na mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kwamba masanduku hayo ni kamari iliyokatazwa na sheria. Tusichanganye mambo hayo mawili, ao vijana watatucheka kwa haki.

Kama swali ni: je, anajifunza tabia ya kamari? Hapa tunajibu kwa kuogopa kidogo. Shimo hili lina sheria inayofanya kamari kuwa hekima: sarafu haina kesho. Mwenye kufa na sarafu ishirini mfukoni amekuwa mpumbavu. Kwa hiyo kutia sarafu ya mwisho ni shauri zuri, na hata kuuza nusu ya moyo huenda kukawa shauri zuri. Lakini mtu hakai katika shimo hilo. Yule anayepoteza mshahara wake kwa kupinga juu ya matokeo ya futibol hafi palepale na kuanza upya. Anarudi nyumbani, na watu wanamngoja wale. Hekima ya mchezo inakuwa upumbavu mara tu mtu anapozima ordinatere; na hilo ndilo jambo ambalo mchezo hauwezi kumwambia kijana, maana hauijui nyumba yake.

Sisi tunaijua. Kwa hiyo hatushauri kuuchoma mchezo huu, wala hatushauri kuwapa watoto wadogo, maana una damu na uchafu mwingi, na picha ya mama yule ni ya kuumiza. Kwa vijana wakubwa, tunashauri jambo moja gumu zaidi kuliko kukataza: mlezi avute kiti, akae karibu, atazame. Tulipomwuliza kijana wetu juu ya nini alicheka, alifikiri muda, akasema: «Kwa sababu si mimi niliyekufa.» Tukamwuliza ni nani aliyekufa. Hakujibu, lakini jioni ile, katika safari nyingine, tulimwona akipita mbele ya mlango wa kamari na sarafu saba mkononi, akasimama, akaingia. Alicheza mara nne, akatoka na tatu. Hatukusema neno. Kuhesabu amekwisha kuanza. Kazi iliyobaki ni yetu.