Fairfax: Kosa Lilifanyika Februari

Wengi waliofuatilia kesi ya kashfa ambayo mwigizaji Johnny Depp alimfungulia aliyekuwa mkewe, Amber Heard, walianza kuitazama Aprili 2022, mawakili waliposimama kutoa hotuba za ufunguzi. Walikuwa wamechelewa. Kosa kubwa la kesi ile lilikuwa limeshafanyika Februari, katika kikao cha awali ambacho hakuna aliyekitazama kwenye simu, pale Jaji Penney Azcarate wa Fairfax, Virginia, alipokiruhusu kituo cha televisheni cha Court TV kuweka kamera ndani ya mahakama. Ulikuwa uamuzi mbovu, na ubovu wake hauhusiani na nani alisema kweli. Siku hiyo hakuna shahidi aliyekuwa ameapa wala kielelezo kilichokuwa kimepokelewa. Mbele ya jaji palikuwa na swali moja la utaratibu: mtu anayedai kuingiliwa kwa nguvu na aliyekuwa mumewe ayaeleze hayo mbele ya nani?

Wakili wa Heard, Elaine Bredehoft, alipinga kamera. Alionya kwamba wasiompenda mteja wake wangeokota mtazamo mmoja wa macho au sentensi moja, wakaikata na kuirudia bila kikomo. Kisha akashika sheria. Kifungu cha 19.2-266 cha sheria za Virginia, ambacho ndicho kinachoratibu kamera mahakamani, kinakataza kuwapiga picha wajumbe wa jopo la raia wanaoamua kesi, watoto, wapelelezi wa siri, watoa habari wa polisi, na waathirika wa makosa ya ngono pamoja na familia zao. Jaji alijibu kwamba katazo hilo linahusu mashauri ya jinai, na lililokuwa mbele yake lilikuwa la madai. Akaongeza kwamba ana wajibu wa kuiacha mahakama wazi, na kwamba bila kamera waandishi wangefurika jengoni.

Hoja ya jinai na madai inahitaji kuangaliwa vizuri, kwa sababu ndiyo iliyobeba uamuzi wote. Ni kweli kifungu hicho kimo katika sehemu ya mwenendo wa jinai. Lakini kama kinatosha kuingizia kamera katika shauri la madai, vipi kisitoshe kumkinga shahidi katika shauri hilohilo? Aibu ya kusimulia ubakaji mbele ya dunia haipungui kwa sababu hati ya shauri imeandikwa na wakili wa kujitegemea badala ya mwendesha mashtaka wa serikali. Na hata tukikubali kwamba katazo halikumfunga jaji, kifungu hichohicho kinampa mamlaka ya kukataza, kukatiza au kusitisha matangazo wakati wowote. Angeweza kuruhusu hotuba za ufunguzi, majumuisho na hukumu, akazima kamera shahidi anapofika kwenye madai ya ngono. Angeweza kuacha waandishi wakae na madaftari yao, kama mahakama zilivyofanya kwa karne nyingi. Angeweza hata kusikiliza sehemu hiyo moja faragha. Hakuchukua hata moja kati ya njia hizo.

Matokeo yalionekana Mei 5. Heard alikuwa kizimbani akieleza safari ya Australia ya Machi 2015 na madai ya kudhalilishwa kwa chupa, madai ambayo Depp aliyakanusha wakati wote. Kioo kiligawanywa mara mbili: upande mmoja uso wake, upande mwingine Depp ameinamisha kichwa. Muda si muda sauti za ushahidi wake zilikuwa TikTok, watu wakichezesha midomo juu ya maneno yake, wengine wakiwaigizisha paka wao kofi analosema alipigwa. Na watu 7 wa jopo hawakufungiwa hotelini. Kila jioni walirudi nyumbani kwao, kwenye simu zao, wakiwa na onyo tu la kutosoma habari za kesi.

Afya ya akili ya Heard nayo ilianikwa. Mwanasaikolojia wa upande wa Depp, Shannon Curry, alitaja hewani maradhi mawili ya haiba aliyodai kuyaona kwake. Wa upande wa Heard, Dawn Hughes, akaeleza kiwewe. Huenda jopo lilihitaji kusikia hayo ili liamue. Mamilioni ya watazamaji hawakuwa na uamuzi wowote wa kutoa.

Jaji Azcarate aligawa muda kwa usawa na alisimamia nidhamu ya ukumbi vizuri. Tena alijua kulinda taarifa za watu: aliagiza majina ya wajumbe wa jopo yafungwe kwa mwaka mzima, akitambua hasira iliyokuwa imetanda nje. Sasa, ikiwa hasira hiyo ilikuwa hatari kwa watu 7 ambao hakuna aliyewaona sura, ilikuwaje kwa aliyekaa kizimbani siku baada ya siku, kamera ikimtazama machoni?

Wapo wanaosema hukumu ilimaliza mjadala. Jopo lilimpa Depp dola milioni 10 za fidia na milioni 5 za adhabu (hizi za adhabu sheria ya Virginia ilizishusha hadi 350,000), na Heard akapata milioni 2 kwa dai lake la kukabili. Kwa hoja hiyo, kulikuwa na manusura gani wa kumlinda? Jibu liko London. Julai 2020, katika kesi ya Depp dhidi ya wachapishaji wa gazeti la The Sun, Jaji Nicol aliwasikiliza watu haohao juu ya ndoa ileile, na Novemba mwaka huo akaona matukio 12 kati ya 14 yaliyodaiwa yalikuwa na ukweli kwa kiasi kikubwa. Mahakama mbili, mahitimisho mawili. Kinga ya shahidi haiwezi kungoja hukumu, kwa kuwa hutolewa wakati ambapo hakuna anayejua hukumu itakwenda wapi.

Tena London ilionyesha namna ya kufanya. Waandishi walikuwamo, wakaripoti kila siku, hata ukumbi wa ziada ukafunguliwa kwa sababu ya korona. Kamera za televisheni hazikuwamo. Ushahidi wa ukatili wa kingono ulisikilizwa faragha, na yaliyoamuliwa juu yake yakawekwa katika kiambatisho cha siri cha hukumu. Depp hakunyimwa haki ya kujitetea, na umma haukunyimwa kesi. Hata Uingereza ilipofungulia kamera mahakama zake za jinai, Julai 2022, kamera hizo ziliruhusiwa kumwonyesha jaji tu anaposoma adhabu.

Kabla ya London, Arusha ilikuwa imeshaonyesha njia hiyo. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda iliwasikiliza wanawake wa Taba waliojulikana hadharani kwa herufi tu: J, JJ, NN, OO. Pazia liliwatenganisha na waliokaa nyuma ya kioo cha ukumbi wa umma. Swali lililoweza kufichua kijiji au ndugu lilisubiri kikao cha faragha. Mshtakiwa aliwaona na mawakili wake waliwahoji, na Septemba 2, 1998 ikatoka hukumu ya kwanza duniani kuutambua ubakaji kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Arusha ilikuwa na madoa yake. Mwaka 2001, katika kesi ya Butare, majaji walicheka shahidi TA akiwa anahojiwa kuhusu kubakwa, na doa hilo halijafutika. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa sahihi. Miaka ilipopita, baadhi ya wanawake wa kesi ya Akayesu walichagua kuonyesha nyuso zao katika filamu ya The Uncondemned ya 2015. Walijitokeza wenyewe, kwa wakati wao.

Tofauti na Fairfax iko hapo hasa. Makala ya Heard katika Washington Post, Desemba 2018, haikumtaja Depp kwa jina. Alisema kiasi alichotaka kusema. Shauri likafunguliwa Virginia kwa kuwa mitambo na seva za gazeti ziko huko, na kutoka aya chache hizo akajikuta analazimika kutoa picha, rekodi, jumbe za simu na historia ya matibabu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hakuna wa kujivuna. Televisheni zetu bado zinamfunika manusura uso kwa ukungu, zikiacha sauti yake kama ilivyo, mlango wa nyumba yake nyuma, na mjumbe wa nyumba kumi akitaja mtaa. Aliyempiga anaijua sauti ile kuliko mtu yeyote. Wakati huohuo sheria zipo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeyaweka majina ya mume, mke na watoto katika kundi la taarifa nyeti, na kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 kinamruhusu shahidi aliye hatarini kusema akiwa amesitiriwa. Tanzania ilianza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Mei 2023. Mhariri anayebadilisha sauti na kupiga picha mikono tu hahitaji mtambo mpya.

Fairfax haikuishia kwenye hukumu. Katikati ya 2022, zaidi ya kurasa 6,000 za nyaraka za awali zilifunguliwa na kusambaa, mashabiki wakiwa wamechangishana kuzilipia. Yaliyokuwa yamekataliwa kufika mbele ya jopo yakafika mbele ya kila mtu. Desemba, pande mbili zilikubaliana Heard amlipe Depp dola milioni 1, rufaa zikaondolewa, na uamuzi wa Februari juu ya kamera haukufika mbele ya jaji yeyote wa rufaa.