Aliyekaa Mwisho wa Ubao

Mashua ya Lamu inapobisha kwenye mkondo kati ya mji na Manda, wengi humtazama nahodha. Mimi humtazama aliyekaa mwisho wa ubao.

Ubao wenyewe hauna urembo. Umekingamishwa juu ya mashua, ncha moja imekabwa chini ya ukingo wa upande wa demani, usioelekea upepo, nyingine imechomoza nje upande wa goshi, upepo unakotoka. Mabaharia hukaa huko nje, miguu inaning'inia juu ya maji. Upepo ukijaa tangani, chombo kikaanza kulala, husogea nje shibiri moja, mbili. Ukilegea hurudi ndani. Hakuna anayewaamrisha. Mtu wa kilo 70 aliye mita 3 kutoka katikati ya chombo hukirudisha kwa nguvu ileile ya mzigo wa kilo 210 uliowekwa mita 1, ndiyo maana kijana mwembamba wa ncha ya ubao ana thamani kubwa namna ile.

Kabati huanguka pale uzito wake unapoelemea nje ya kitako. Mashua haina kitako kisichohama. Ikilala, ubavu ulio chini huzama zaidi, na maji huuinua kwa nguvu zaidi upande huohuo, huku uzito ukivuta chini karibu na katikati. Mvutano huo ndio unaoisimamisha. Lakini mashua iko wazi: ukingo ukinywa maji, mambo yameharibika.

Chini kabisa, juu ya mkuku, imelala farumi, magunia ya mchanga. Mchanga una adabu, hukaa ulipowekwa. Maji ya ngama, yanayojikusanya chini ndani ya chombo, hayana: chombo kikiinama tu, hukimbilia kulekule kinakoinamia, yakakiongezea uzito pabaya. Kwa hiyo anayefua maji kwa upo, kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi, naye anaisimamisha mashua.

Uzito wa watu wanaohama huweza pia kukipima chombo. Mwaka 1628 huko Stockholm, mabaharia 30 walikimbizwa kutoka ubavu hadi ubavu wa meli mpya ya kivita, Vasa, ili ipimwe. Iliyumba vibaya hata jaribio likakatizwa. Ikang'oa nanga hivyohivyo, ikasafiri kama mita 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama. Miili ya wale watu ilikuwa imekwisha kutoa jibu.

Kwenye mashua ya Lamu, uhodari wenyewe huonekana wakati wa kukisi tanga, yaani kuligeuza upande wa pili. Uzito uliokuwa ukiokoa mashua sasa uko upande mbaya. Magunia yenye mchanga uliolowa yaliyopangwa ubavu huo hubebwa kwa mikono hadi ubavu wa pili, ubao huchomolewa na kusukumwa upande mwingine, foromali, mti unaobeba tanga, inapita mbele ya mlingoti, na yote hayo katika chombo kinachotikisika. Tanga halijajaa sawasawa, na yule kijana tayari anatambaa kwenye ubao kuelekea nje, macho ameyakaza kwenye weusi wa upepo unaokuja juu ya maji.