Concord na Utransendentali: Deni la Mwandishi kwa Mji Wake

Katika uhakiki wa fasihi ya Marekani, mji mdogo wa Concord, jimboni Massachusetts, aghalabu huitwa chimbuko la Utransendentali, yaani falsafa iliyoshikilia kwamba nafsi ya mtu yaweza kuufikia ukweli moja kwa moja, bila kufungwa na mapokeo wala milango ya fahamu. Dai hilo lafaa kupimwa upya.

Kwanza, mawazo yenyewe hayakuzaliwa Concord. Mizizi yake imo katika falsafa ya Kant, iliyowafikia Wamarekani hasa kupitia maandishi ya Coleridge, na katika mgogoro wa kidini miongoni mwa Wayunitari wa Boston. Kitabu cha Emerson, Nature, kilichapishwa Boston mwaka 1836. Jarida la kundi hilo, The Dial (1840–1844), lilitolewa huko huko.

Mchango wa Concord ulikuwa wa namna nyingine. Mji huo wa watu wapatao 2,000 ulikuwa na chama cha mihadhara, Lyceum, tangu 1829. Emerson alihamia hapo mwaka 1834, Alcott mwaka 1840. Thoreau alikuwa mzaliwa wa papo hapo. Mbele ya majirani zao, dhana za kifalsafa zililazimika kuvaa lugha ya shamba, duka na njia ya miguu. Insha ya Thoreau juu ya kuikaidi serikali, iliyochapishwa mwaka 1849, ilianza kama mhadhara katika Lyceum hiyo mwaka 1848. Aidha, chama cha wanawake wa Concord waliopinga utumwa, kilichoundwa mwaka 1837, ndicho kilichomwalika Emerson kutoa hotuba yake ya mwaka 1844 juu ya kukombolewa kwa watumwa wa visiwa vya Karibi. Mji ulimvuta mwanafalsafa kutoka kwenye nafsi hadi kwenye siasa.

Hapa ndipo Walden (1854) inapohitaji kusomwa kwa makini. Wako wanaomsuta Thoreau kwa unafiki, maadamu kibanda alichokaa kati ya 1845 na 1847 kilijengwa katika ardhi ya Emerson, tena si mbali na mji. Lawama hiyo haina uzito. Thoreau mwenyewe haifichi safari zake za mjini, na hata gharama ya kibanda, dola 28 na senti 12½, ameiorodhesha kwa ajili ya wenzake wa mjini waliotaka kujua maisha yake.

Udhaifu wa kitabu uko kwingine. Katika sura ihusuyo wakazi wa zamani wa msitu huo, Thoreau anawataja Cato Ingraham, Zilpha na Brister Freeman, watu wenye asili ya Kiafrika waliowahi kuwa watumwa. Anauliza kwa nini makazi yao yalikufa hali Concord iliendelea, lakini hamsogezi msomaji hadi kwenye jibu. Upweke wake ulikuwa wa hiari. Wao walisukumwa pembeni, kwenye ardhi duni ambayo wenye mji hawakuihitaji. Tofauti hiyo ndiyo iliyostahili kuchimbuliwa, nayo inapita kama kumbukumbu ya huzuni.

Basi Concord ieleweke kama kipimo cha Utransendentali kuliko chimbuko lake. Mhakiki anayesifu nafsi huru pasipo kuuliza ni nani aliyemiliki ardhi iliyoihifadhi nafsi hiyo, ameisoma nusu ya Walden.