Picha ya Kuagizwa na Haki ya Kuikataa

Kazi ya sanaa iliyoagizwa ina mabwana wawili: aliyeitengeneza na aliyeilipia. Shairi laweza kukaa sandukuni mwa mtunzi likingoja wasomaji wa zama nyingine. Picha ya kuagizwa haina subira hiyo. Siku inapokabidhiwa ndipo inapohukumiwa, na mara nyingi hakimu ni yule yule ambaye sura yake imo ndani yake. Yafaa basi kuuliza ni kwa haki gani mteja huikubali ama huikataa.

Studio za pwani zatoa mfano mwema. Katika karne ya 20, katika studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa, wateja walipigwa picha wakiwa wamekaa mikao iliyofanana na ya nyota wa sinema za Kihindi. Huko Lamu, Omar Said Bakor alikata sura za watu akazipachika ndani ya maua. Mwenye picha ya namna hiyo asingeweza kulalamika kwamba hajapata kuishi ndani ya ua, maana ndoto hiyo ndiyo iliyokuwa agizo. Basi kipimo cha picha si kufanana na maisha peke yake, bali ni kutimiza neno lililopatanwa kabla kamera haijainuliwa.

Ugumu huzidi pale mlipaji na mwenye sura wasipokuwa mtu mmoja. Mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimzawadia Winston Churchill, alipotimiza miaka 80, picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland. Churchill alitaka kuchorwa katika majoho ya heshima ya Garter. Walioagiza walitaka avae kama alivyozoeleka Bungeni. Matakwa ya walioagiza yalishinda. Mwenye sura aliichukia picha ile, na baadaye iliteketezwa kwa siri kwa ridhaa ya mkewe.

Msiba wa namna hiyo hauko mbali na Mbweni, kando ya Bahari ya Hindi kaskazini mwa Dar es Salaam. Harusi nyingi za jiji huendeshwa na kamati inayokusanya michango. Kamati ndiyo inayopatana bei na mpiga picha; bibi harusi ndiye atakayeifungua albamu miaka nenda miaka rudi. Kamati huhesabu: wachangiaji wamo, meza kuu imo, keki imo. Bibi harusi hutafuta uso wa mamake pale machozi yalipomlengalenga. Kamati ikikubali naye akikataa, wote wamesema kweli, kwa kuwa kila mmoja aliagiza kitu chake.

Hata hivyo, mpiga picha hana kinga. Picha ya studio ikiharibika hupigwa upya kesho. Ndoa haifungwi mara ya pili ili kamera ipate nafasi. Aliyelikosa tukio hilo asijitetee kwa jina la sanaa. Naye mteja aliyechagua jua la adhuhuri, kisha akalaumu vivuli machoni, hukataa agizo lake mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza. Lakini methali hiyo ni ya sokoni, ambako kitu hutazamwa kabla ya kununuliwa. Picha ya kuagizwa hununuliwa kabla haijawako. Kwa hiyo hukumu yake yapasa ianze mapema: nani anaagiza, kwa macho ya nani, na jambo gani lisikosekane. Palipo na majibu hayo, kukataa ni haki. Pasipo nayo, ni ugomvi wa ladha.