Babka: Kisu Kwanza, Kusuka Baadaye

Anayeiona babka kwa mara ya kwanza, michirizi ya chokoleti ikipishana na mkate wa rangi ya dhahabu, hudhani kuna fundi aliyekaa saa nzima akisuka. Kumbe kusuka kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa imefanywa na friji usiku kucha, kisha ikamaliziwa na kisu.

Mkate huu asili yake ni majumbani mwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Donge lililobaki baada ya kuandaa challah, mkate wa Sabato, lilipakwa jemu au mdalasini, likaviringishwa na kuokwa. Chokoleti ilikuja baadaye. Kufikia 1994 babka ilikuwa imezoeleka New York kiasi cha kutiwa kwenye kichekesho cha televisheni, Seinfeld: wahusika wanaikosa ya chokoleti ya mwisho dukani, wanabeba ya mdalasini huku wakinung'unika. Kwa mpishi wa nyumbani, hiyo ya mdalasini ndiyo rahisi zaidi, maana haipaki vidole.

Njia inayofaa kuchambuliwa ni ile iliyomo katika Jerusalem, kitabu cha mapishi cha Yotam Ottolenghi na Sami Tamimi kilichotoka 2012. Unga wa gramu 530 unapokea siagi gramu 150 na mayai 3, na unatoa mikate miwili. Donge lenye siagi nyingi namna hiyo hunata na halisukumiki likiwa na joto. Likilala kwenye friji, siagi inaganda, hamira inaumuka polepole, na gluteni iliyokazwa na kukanda inalegea, hivyo donge likisukumwa halirudi nyuma kwa ukaidi. Anayepika Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi ana sababu ya ziada ya kuharakisha: siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na kwenye 30 tayari ni uji mzito. Asukume nusu moja, nusu ya pili isubiri kwenye baridi.

Donge linasukumwa liwe mstatili wa sentimita 38 kwa 28. Chokoleti inapakwa ikiacha ukingo wa sentimita mbili pande zote, karanga au kokwa nyingine zilizokatwakatwa zinanyunyizwa, kisha upande mrefu wa mbali unapakwa maji ili ushike. Linaviringishwa kwa kukaza kama mkeka, na ncha mbili zinakatwa.

Hapo ndipo kisu kinapoingia. Kinapita katikati ya gogo lile kwa urefu wake wote, kutoka juu hadi kwenye ungio chini, na kulipasua vipande viwili. Matabaka yaliyokuwa yamejificha yanaonekana yote. Vipande vinalazwa sambamba, upande uliokatwa ukitazama juu, ncha moja inabanwa, kisha cha kulia kinapitishwa juu ya cha kushoto, na cha kushoto juu ya cha kulia, hadi mwisho. Ni nyuzi mbili tu. Wa tatu hauhitajiki. Kosa la kawaida ni kuacha kipande kigeuke tumbo chini, na mchoro wote ukapotea.

Mpasuo huo si wa urembo peke yake. Gogo zima likiokwa bila kukatwa, mvuke unaotoka kwenye donge na kwenye kijazo unanaswa ndani, na kwa kuwa chokoleti yenye mafuta haishikamani na mkate, katikati hubaki uwazi. Ukikata, mvuke unapata njia. Kwa sababu hiyo hiyo kijazo kiwe kizito na kipakwe chembamba. Jemu nyepesi itachuruzika hadi chini ya kopo na kuungua.

Mkate ukishaingia kwenye kopo unafunikwa kwa kitambaa kibichi kwa saa moja hadi moja na nusu. Usitarajie uumuke maradufu kama maandazi. Ukiongezeka asilimia 10 hadi 20 inatosha. Unaokwa nyuzi 190 kwa nusu saa hivi, kijiti kikichomwa kitoke safi.

Ukitoka tu, unamiminiwa shira ya sukari gramu 260 na maji mililita 160, igawanywe kwa mikate yote miwili. Inaonekana nyingi mno. Lakini sehemu za juu za msuko hukauka haraka kuliko ndani, na mkate wa moto hunyonya vizuri kuliko uliopoa. Utakaoliwa siku hiyo hiyo unaweza kupewa nusu ya shira. Wa kuwekwa kwa siku kadhaa upewe yote.